Tiki Iliyokuwa Ikipotea

Kabula Mwandu alikuwa na mkono mmoja unaofanya kazi. Wa kushoto uliumwa na nyoka akiwa darasa la tatu, siku walipokuwa wakichuma pamba kule Kasoli, na aliporudi kutoka hospitali vidole havikuwepo. Hata hivyo alijifunza kupiga taipureta, akachapa barua za chama cha ushirika miaka kumi na mmoja. Kisha wanunuzi binafsi wa pamba wakaruhusiwa, ushirika ukayumba, wafanyakazi wakapunguzwa. Jina la Kabula lilikuwa juu kabisa kwenye orodha.

Aliyemchukua ni Khatibu, mwenye duka la vifaa vya shule pale Bariadi mjini. Mwaka 2003 Khatibu alinunua kompyuta mbili zilizokwishatumika, na fundi Novatus akazileta kutoka Mwanza zikiwa na programu za bure, zile zinazotengenezwa na watu wanaojitolea. Tatizo ni kwamba mabano, alama ya kuuliza na mengine mengi yalitaka vitufe viwili vibonyezwe pamoja. Kabula akawa anabana kimoja kwa kidevu.

Novatus alipoona hivyo alifungua programu ya mipangilio.

"Dada, weka tiki hapa. Sasa bonyeza cha kwanza, kiachie, halafu cha pili. Cha kwanza kitakusubiri."

Kabula akajaribu. Alama ya kuuliza ikatokea. Akaichapa tena na tena mpaka mstari ukajaa, na Khatibu hakumkataza.

Lakini kuna asubuhi alizowasha kompyuta akakuta tiki haipo. Anairudisha, inakaa siku mbili, inapotea tena.

"Mashine hii imechezewa," alisema Khatibu. "Nenda kijijini Mwamapalala ukaulize wazee wa uganga."

Novatus, alipopigiwa simu, alisema jambo la ajabu zaidi: waandikie waliotengeneza, anwani yao imo ndani ya programu yenyewe. Kabula akachukua kamusi, akaandika Kiingereza chake cha kidato cha nne, na siku ya Jumanne, Khatibu alipounganisha kompyuta na laini ya simu, barua pepe ikaenda.

Jumanne iliyofuata jibu lilikuwepo. Aliyeliandika aliitwa Ilmari, wa Ufini.

"Nimejaribu mara kumi na tano," aliandika, "kwangu tiki haipotei. Tafadhali nisaidie. Wewe unafanya nini kabla haijapotea?"

Miaka kumi na mmoja Kabula alichapa mawazo ya wakubwa, wala hakuna aliyewahi kumwambia nisaidie.

Akachukua daftari. Kila siku aliandika saa aliyowasha, alichochapa, saa aliyozima. Wiki ya tatu akaona: tiki ilipotea siku ambazo umeme ulikatika kabla hajazima mwenyewe. Siku nyingine zote ilibaki. Akamwandikia Ilmari hivyo.

Jibu lilikuwa fupi. Kabula alilisoma, akasimama, akamwita Khatibu kutoka kaunta.

"Anasema kwao umeme haukatiki. Hajawahi kufikiria. Kwa hiyo amechomoa waya wa kompyuta yake ukutani, ikiwa inafanya kazi."

"Ya kwake mwenyewe?"

"Ya kwake mwenyewe. Na tiki ikapotea. Anasema programu ilikuwa inasubiri mtu azime vizuri ndipo iandike alichochagua. Ni kosa lake, anaomba radhi."

Khatibu alivua kofia, akajikuna kichwa. "Mzungu kachomoa waya huko Ulaya kwa ajili ya umeme wa Bariadi," alisema taratibu. "Subhanallah. Mayu Kabula, wewe ni nani?" Alimwita mama, kwa Kisukuma.

Kabula alirudi kwenye kiti chake, akaisoma barua ile tena.

Miezi minne baadaye Novatus alileta diski yenye programu iliyorekebishwa. Waliiweka mchana, duka likiwa wazi. Kabula akaweka tiki, akavuta pumzi, akazima swichi ya ukutani. Khatibu alifumba macho kama anayechomwa sindano. Mashine ilipowaka tena, Kabula alibonyeza kitufe cha kwanza, akakiachia, akabonyeza cha pili.

Alama ya kuuliza ikasimama kwenye kioo.

"Bado kuna kitu," Novatus alisema, akafungua dirisha lenye majina ya waliosaidia. Orodha ilikuwa ndefu. Katikati yake paliandikwa: Kabula Mwandu, Bariadi, Tanzania.

Mama mmoja aliingia na barua ya kuchapwa. "Mwadeela," alisalimia.

"Mwadeela, mayu. Nisubiri kidogo," Kabula akamjibu bila kugeuka. Alikuwa amerudi juu kabisa kwenye orodha na kuanza kuyasoma majina kwa sauti, moja moja: watu wa Brazili, wa Japani, wa miji asiyojua kuitamka, asiowahi kuwaona wala kuwasikia. Alijitahidi kila jina alitamke vizuri. Mama yule aliweka kikapu chake chini, akasikiliza.