Ukucha wa Mkwe Wangu

Nianze kwa kusema wazi ili tusisumbuane: mimi ni mtu wa kujisifu. Huu mwaka wa thelathini na moja naunda magurudumu ya baiskeli, na gurudumu nililolikaza kwa mkono wangu likiyumba, basi mwenye baiskeli ameligonga mahali na anaficha. Wateja wananiita Mama Spoku, kwa zile nyaya za gurudumu ninazozikaza. Mdomo wangu hauna breki, hilo wanalijua, lakini wakitaka kazi safi wanakuja kwangu na matusi yangu wanayavumilia.

Mwanangu wa pekee nilitaka arithi karakana. Akaenda kuwa fundi cherehani. Haya, nikameza. Kisha akaoa mwanamke anayeshindana mbio za baiskeli, nikaona Mungu kanikumbuka. Siku alipomleta nyumbani mara ya kwanza sikumtazama usoni, nilimtazama mapaja, nikamwambia mwanangu, "Huyu mlima ataupanda." Mwanangu alitamani ardhi ipasuke. Mkwe wangu alicheka mpaka akapaliwa, na tangu siku hiyo tunaelewana.

Mwaka huu kulikuwa na mbio moja tu iliyotunyima raha. Watano wa kwanza wangeingia kwenye timu ya kwenda kushindana nje ya nchi. Mwaka jana mkwe wangu alikuwa wa sita.

"Mama," aliniambia, huku anakunja nguo zake za mazoezi, "nisipoingia safari hii, basi tena. Nina miaka thelathini na mbili. Mwakani watachukua wadogo."

Hakulalamika, alisema tu, akaendelea kukunja nguo. Nilisikia uchungu kuliko kama angelia.

Klabu yake ikamruhusu achague magurudumu mepesi ya kaboni kutoka stoo. Tukaenda wote watatu. Mwenyekiti wa klabu akatutolea jozi mbili. Ya kwanza ringi zake, yale mapete ya nje yanayoshika tairi, zina kina cha kiganja kizima, nyeusi, zinang'aa, maandishi makubwa ubavuni. Ya pili ringi zake ni fupi, vidole viwili tu, hazina hata herufi moja.

Mwanangu akazirukia zile za kwanza. "Hizi ndizo! Zitazame zilivyo!"

"Unachagua gurudumu au kitambaa cha pazia?" nikamuuliza. "Mkeo ana kilo hamsini. Kule juu mlimani upepo unapiga ubavuni. Ringi ya kina hiki upepo unaisukuma kama ubao. Mtu wa kilo themanini atapambana nao, huyu atapelekwa mtaroni. Na baada ya kupanda kuna kushuka, kilometa kumi na moja, kona juu ya kona."

Nilipogeuka, mkwe wangu alikuwa ameshainua ile jozi fupi, anaipima uzito mkononi. "Hizi, Mama?"

"Hizo hizo."

"Wenzake wote wamechukua zile ndefu," mwenyekiti akasema.

"Wenzake wote hawana mimi," nikamjibu, na tukaondoka.

Jamani, niliyatunza yale magurudumu! Kila akirudi mazoezini nayafuta kwa kitambaa na maji yenye sabuni kidogo, si petroli, si mafuta. Spoku nazipiga kwa kidole nazisikiliza, iliyolegea naisikia kabla sijaiona. Ringi naigonga kwa sarafu, kidogo kidogo, mzunguko mzima, maana kaboni nzima hulia kavu na iliyoachana tabaka kwa ndani hutoa sauti nzito iliyokufa. Nikafunga raba za breki za kaboni, si zile za kila siku. Mwanangu nilimkataza hata kuiegemeza baiskeli ile ukutani.

Wiki moja kabla ya mbio ikanyesha mvua siku tatu mfululizo. Nikasema kaboni yangu haiingii kwenye matope haya. Nikamfungia magurudumu ya zamani ya alumini, akaenda kulowa nayo. Mvua ilipokatika nikarudisha ya kaboni, nikajipongeza. Kuna kitu nilikisahau hapo, na hata sasa ninapokisema kinaniuma.

Asubuhi ya mbio uwanja ulijaa, spika zinapiga kelele, baiskeli zimepangwa kwenye vyuma. Fundi wa klabu ya jirani, mtu tunayetaniana miaka yote, alikuwa anafunga gurudumu pembeni yangu. Nikamwita: "Acha hiyo, njoo uone gurudumu lililotunzwa!" Akaja. Mkwe wangu alikuwa amechuchumaa, anafuta ringi ya mbele kwa mara ya mwisho. Mkono wake ukasimama.

"Mama, hebu tazama."

Mkwaruzo mwembamba kama uzi ulizunguka ringi yote, pale pale breki inapobana.

Mori ukanipanda. Nikamgeukia mwanangu. "Umeligusa! Nilikwambia usiliguse, ukaligusa! Umelikwaruza na nini, mkasi?"

"Mama, mimi hata sijalisogelea," akasema, mikono juu.

Mkewe alitoa raba ya breki, akachomoa sindano kwenye ukosi wa shati la mumewe, maana fundi cherehani hakosi sindano, akadokoa ile raba na kutoa kitu. Akakiweka kwenye kiganja changu. Kilikuwa chembe ya alumini, ndogo kuliko punje ya sukari, inang'aa.

Nikakumbuka. Nilibadilisha magurudumu, raba za breki nikaziacha. Alumini ikilowa hulika, na vumbi lake hujipachika kwenye raba. Ukirudisha kaboni bila kubadilisha raba, kila ukishika breki unaikata ringi. Nimewagombeza wateja wangapi kwa kosa hilo! Nimeliandika mwenyewe kwa wino mwekundu, nimelibandika ukutani karakana. Toba yangu!

Fundi jirani alikuwa bado amesimama pale, na wengine walishaanza kusogea. Nikapitisha kidole juu ya ule mkwaruzo.

"Ni rangi ya juu tu," nikasema, kwa sauti ili wote wasikie. "Badilisha raba, kisha upande baiskeli."

Mkwe wangu akapitisha ukucha wake. Akarudia. Akanisogelea karibu. "Mama, ukucha unakwama."

"Haukwami."

"Unakwama, Mama. Hapa, na hapa tena."

Alisema chini chini ili nisiaibike. Nikaitazama mikono yangu. Kucha zangu zimekwisha miaka mingi iliyopita, na ncha za vidole zimekuwa ngumu hata nikizipitisha kwenye msumeno naweza kukuambia ni laini. Mimi nilikuwa sijapima kitu, nilikuwa nalinda jina langu. Ukucha ukikwama, mkwaruzo umefika kwenye nyuzi za kaboni, na ringi kama hiyo ikipata joto la breki kwenye kona za mlima ule, inaweza kufunguka mtu akiwa juu yake.

"Tukiweka la alumini, utabeba uzito mpaka kileleni," nikamwambia. Sasa na mimi nilikuwa nanong'ona. "Unaweza kuikosa timu."

"Najua, Mama."

"Na mwakani hakuna."

"Najua. Amua wewe. Wewe ndiye fundi."

Ningesema panda, angepanda. Mwanamke mzima, mwenye akili zake na ukucha wake, angepanda kwa kuniheshimu mimi.

"Toa hilo gurudumu," nikasema. "Leteni la alumini."

Nilifanya kazi haraka kuliko siku zote za maisha yangu. La nyuma tukalipima kwa ukucha wake, likawa salama, nikalifungia raba mpya. Mbele nikaweka alumini na raba zake, nikarekebisha waya wa breki, nikamwambia ashike mara tatu. Fundi jirani akacheka, "Mama Spoku, leo umemvalisha kiatu kimoja na ndala moja!" Kwa mara ya kwanza tangu tufahamiane nilimwacha acheke, nikakaza nati.

Nikaenda kusimama kwenye kona ya mwisho ya mteremko, karibu na mstari wa kumalizia. Spika ikatangaza waliofika kileleni. Mkwe wangu alikuwa wa tisa, dakika nzima nyuma ya wa kwanza. Mwanangu akanishika mkono, nikamwambia aniache. Dakika moja ile ilikuwa yangu, niliipakia mimi kwenye baiskeli yake.

Upepo ulikuwa unavuma vibaya. Wakaanza kutokea. Wa kwanza, wa pili, wa tatu, wote kwenye zile ringi ndefu, wanayumba, wameshika breki tangu mbali, nyuso zimekakamaa. Kisha kona ikawa tupu. Nikahesabu mapigo ya moyo wangu mwenyewe.

Akatokea yeye. Amelala juu ya usukani, viwiko vimebana mbavu, baiskeli imetulia. Akashika breki mara moja tu, kwa kuchelewa, akainama, kona ikaisha. Wa nne! Haki ya Mungu, wa nne! Nilipiga kelele mpaka sauti ikakatika, nikamkumbatia mwanangu niliyekuwa nimemfukuza, nikamkumbatia na mama mmoja ambaye sikumjua.

Baadaye kwenye meza ya kuandikisha waliochaguliwa, kocha wa timu ya kwenda nje akaitazama baiskeli. Mafundi wote walikuwa pale.

"Ringi fupi umechagua vizuri," akasema. "Wenzako kule juu walikuwa wanapeperushwa. Lakini mbona mbele ni alumini?"

"Tulipata hitilafu asubuhi, kocha," mkwe wangu akajibu. "Tulisahau kubadilisha raba za breki, zikaikwaruza kaboni."

Tulisahau! Alilitamka bila kupepesa macho, mbele ya fundi jirani na mafundi wengine wote, akajitwisha nusu ya mzigo usio wake. Nilikuwa na haki ya kunyamaza, hakuna ambaye angeniuliza.

"Hakuna cha tulisahau," nikasema kwa sauti iliyobaki. "Nilisahau mimi. Na nikamwambia apande hivyo hivyo. Yeye ndiye aliyeuona mkwaruzo, yeye ndiye aliyeupima, na kama si yeye sasa hivi mngekuwa mnamwokota kule juu. Msikie nyote, maana sirudii."

Kocha akakohoa, akaandika jina lake. Fundi jirani akavua kofia.

Mkwe wangu akanivuta pembeni, macho yamejaa machozi. "Mama, si ungeniacha tu nikufiche?"

"Unifiche kwa lipi? Kosa ni langu na mkwe ni wangu. Vyote viwili nimevitangaza."

Akacheka huku analia, mwanangu naye akaanza kulia, nikawaambia waache upuuzi, wabebe baiskeli twende.