Pembe ya Nne ya Mkeka

Kila Jumatano jioni, nikishatundika shati la mwisho, huvuka barabara kwenda kanisani kuombea mtu nisiyemjua. Kazi yangu ni kupiga pasi kwa dobi. Kikundi chetu cha maombezi kina wanawake wanane. Kila mmoja huandika haja yake kwenye kikaratasi bila jina, anakikunja na kukitia kikapuni. Kikapu kinazunguka, unaokota kimoja, unamwombea aliyekiandika wiki nzima. Jumatano inayofuata unasimama, unasema neno moja, "Nimembeba," unakichana, unakaa. Nilivyoelewa mimi, ukishaokota hurudishi.

Anayetuongoza ni fundi cherehani. Tunamwita Mama Pini, maana hata akiomba anaongea kama mtu aliyebana pini midomoni. Ndiye aliyetusomea habari za yule aliyepooza, ambaye watu wanne walimbeba kwenye mkeka wake, wakatoboa paa na kumshusha mbele ya Yesu.

"Yesu aliiona imani yao," alisema. "Yao, jamani! Mgonjwa mwenyewe hatuambiwi kama alifungua mdomo."

Maneno hayo yaliniingia. Mwaka mzima kikaratasi changu kilikuwa na maneno yaleyale: mimi mzima, asanteni. Niliona aibu. Niliachia shule darasa la tano na mwandiko wangu ni mkubwa kama wa mtoto. Lakini wiki ile nilichukua tiketi ya nguo pale kazini, ile ya rangi ya waridi, nikaandika nyuma yake: "Dada yangu aliyenilea hapokei simu yangu, miezi minane sasa. Nilikataa kuacha kazi nikamlelee mtoto. Mwombeeni apokee. Na mimi niombeeni, sina mwingine."

Kikapu kilipofika kwangu nilifumba macho, kama kawaida. Nilipofungua mkono, niliona rangi ya waridi.

Nilitazama huku na huku. Mwenzetu muuza nyanya alikuwa anatia chake kwenye sidiria, Mama Pini anafunga Biblia. Nilikikunja tena, nikaondoka nacho.

Wiki ile ilikuwa ndefu. Nilipiga pasi mashuka, mashati ya ofisini, gauni la bibi harusi. Kikaratasi kilikuwa kwenye mfuko wa aproni, kikilowa jasho. Nikianza, "Bwana, mkumbuke huyu," niliishia hapo, kwa sababu huyu ni mimi. Nimeombea watoto wa watu, miguu ya watu, waume wa watu, na maneno yalikuja yenyewe. Safari hii niliona mkeka uko chini, mimi niko juu yake, na ninajaribu kushika pembe zote nne. Nilijua watu saba wanaomba wiki hiyo, na hakuna hata mmoja aliyenishika mimi. Chumbani kwangu nilipiga simu ya dada mara tatu. Iliita tu.

Jumatano ilifika. "Nimembeba," alisema muuza nyanya, akachana. "Nimembeba." "Nimembeba." Zamu yangu ikaja. Nikasimama na tiketi yangu.

Ningeweza kusema neno lile moja nikae. Nani angejua? Lakini kulisema ingekuwa kumdanganya Mungu mbele ya watu wake.

"Sikuweza," nilisema. "Hiki ni changu mwenyewe."

Muuza nyanya akapasuka kicheko.

"Wiki nzima umejibeba mgongoni? Na huo mgongo mwembamba kama sindano! Mbona haukuvunjika?"

"Mwache mwenzio," alisema Mama Pini, ingawa naye alikuwa anacheka. "Mwanangu, anayejiokota anarudisha, anaokota kingine. Hukuambiwa?"

"Sikuuliza."

Kicheko kikaisha. Mama Pini alinyoosha mkono, nikampa. Alisoma kimya, polepole, mpaka mwisho. Kisha akachomoa pini kwenye ukosi wake, akakibana kikaratasi ndani ya gauni, upande wa moyo.

"Kuhani Haruni aliyabeba majina ya watu kifuani, kwenye mawe ya thamani," alisema. "Mimi mawe sina. Pini ninazo."

"Lakini wewe utaokota chako cha kuombea wiki hii."

"Nitabeba viwili. Kaa."

Nikakaa. Muuza nyanya alinisukumia kikapu cha vikaratasi vipya kwa kiwiko chake. "Okota sasa, sindano. Na usijishike tena."

Nilirudi chumbani, kitanda kimoja, kikombe kimoja. Nilimpigia dada. Hakupokea. Siku nyingine huwa nakata baada ya mlio wa pili, kabla haijaniumiza. Siku hiyo niliiacha iite mpaka mwisho, nikiifikiria ile pini. Kisha nikafungua kikaratasi kipya nilichookota, nikaanza, "Bwana, mkumbuke huyu," na maneno yakaja.