Fumba Macho, Inua Mkono

...na asichungulie, kasema Mama Noelene, mwalimu wa shabaha wa klabu, asichungulie hata kidogo, kana kwamba Kerrod Gillam ni mtu wa kuchungulia, yeye aliyeendesha lori la kondoo kutoka Lyndhurst mpaka Adelaide bila kupepesa jicho, waulize watu, haya basi, amefumba, macho yote mawili yamefungwa kama milango ya benki siku ya Jumapili, na leo ndiyo Jumapili yenyewe, nzi wanamtembea puani, kila nzi ana ukubwa wa shomoro, soseji za shemeji yake Lindsay zinaungua nyuma ya banda la mabati, na mkononi ameshika bastola isiyo na risasi, ile nyeusi, ile mpya, mpini wake wa mbao umechongwa hata ukiushika unajiona umepeana mkono na mfalme... "Inua," anasema Mama Noelene, "elekeza kwenye tuta la mchanga, si kwa wachoma soseji," na Lindsay kule nyuma anadakia, "Akielekeza kwangu ndiyo niko salama, mama, hajawahi kupiga anapoelekeza," watu wanacheka, wacheke tu, wakimwona Pasaka na bastola hii watakoma, maana ameshawaambia pale baa, na akisema Kerrod amesema, kwamba ataipigia wilaya shabaha kwenye mashindano, kwamba bastola anayoinunua bei yake ni sawa na nyumba ya ghorofa, na boti yake, ya kulipia bei hiyo, ameshaipatia mteja kule Port Augusta, ile boti ambayo samaki walikuwa wanaruka wenyewe ndani wakisikia ni ya nani, itauzwa, potelea mbali, bwana Petrakis muuza bastola amekuja nazo kutoka Adelaide na jua likikaa utosini anakunja kitambaa cha meza anaondoka, na klabu ya Wirrapinna humtilia mwanagenzi sahihi ya kibali cha kununua bastola moja tu, ukikosea umekosea, utakaa na kosa lako mwaka mzima ukilipaka mafuta... na kabla ya sahihi lazima upite kwa Mama Noelene, ndivyo ilivyo hapa, unafumba macho, unainua mkono, unatulia, ndipo unafumbua, kile kinundu cha kulengea cha mbele juu ya mtutu kikiwa kimekaa chenyewe katikati ya pengo la nyuma, bastola ni ya mkono wako, kikikaa pembeni ni ya mkono wa mtu mwingine, hata iwe ya dhahabu... ameinua, mkono umenyooka kama nguzo ya simu, na sasa, kidogo tu, ukope mmoja, upenyo mwembamba wa kupitisha uzi, si kuchungulia huko, ni jua limemsukuma, anakiona kinundu, kiko kushoto kabisa, kimeegemea ukuta wa pengo kama mlevi, basi kifundo cha mkono kinajongea taratibu, kidogo, kidogo tena, hapo, katikati, anafumbua macho kwa kishindo, "Imekaa, mama, imekaa kama imezaliwa humu mkononi," na Mama Noelene, miwani kwenye ncha ya pua, "Kifundo kimetembea." "Hakijatembea." "Kerrod, nimeuza dawa za kikohozi maisha yangu yote, mtu anayejikohoza namjua." Petrakis anasema hiyo nyeusi, bwana, unaiwazia tu inafyatuka, na Mama Noelene anaichukua nyeusi, anampa ile nyingine, ile ya bei ya kutupa, kongwe, rangi imebanduka mtutu mzima, mpini umezungushiwa utepe wa kuzibia bomba, aibu, akiingia nayo baa watamuuliza imetoka kwenye choo cha nani... "Na hii. Fumba. Safari hii fumba kweli, hapa hakuna wa kumdanganya, ni wewe na mkono wako." Anafumba. Mkono huu, mkono huu sijui una nini, miezi yote hii na bastola za klabu risasi zimekwenda anga zima, siku moja zilitua zote kwenye shabaha ya Lindsay, shabaha ya jirani, Lindsay akahesabiwa matundu mengi kuliko risasi alizopiga, "Asante kwa zawadi, shemeji," yeye akasema ni upepo, upepo uliotoka jangwani siku ile ulikuwa unabeba ng'ombe, wazima, na pembe zao, lakini usiku... hapana, usiwaze usiku, kitandani alipokuwa anajiuliza kama si upepo, kama si bastola, kama ni yeye tu, mtu mzima wa miaka hamsini na ushee asiyeweza kutulia hata kwa pumzi moja, na kama ni yeye basi hiyo nyeusi itafanya nini, boti itakuwa imekwenda bure... "Umefumba?" "Nimefumba, mama." Amefumba kweli, giza jekundu, nzi mdomoni amwache, mkono unapanda, haupeleki, unapanda wenyewe, mzito, halafu mwepesi, na utepe ule wa bomba unashika kiganja pale alipovunjika kidole gumba zamani, unakijua kidole, pumzi inatoka, na kelele zote, Lindsay, mabati yanayolia kwa jua, kasuku wa rangi ya waridi juu ya tangi, zinarudi nyuma, kama siku ile... ile ya barabara ya Lyndhurst, jua linakwenda kuzama na mwezi ukaja ukalifunika, akasimamisha lori, akazima injini, akashuka, na kondoo wote wa ghorofa tatu wakanyamaza, wote, duara jeusi limekaa juu ya nchi na mwanga umelizunguka, sawa pande zote, sawa kabisa, naye amesimama barabarani kofia mkononi, hakumbuki aliivua saa ngapi, na hiyo ndiyo hadithi pekee ambayo hajawahi kuisimulia baa, hata akiwa amelewa, kila akitaka kuianza anatafuta pa kuikuza na hapaoni, hata kondoo hakuwazidisha... "Fumbua." Anafumbua. Kinundu kimo ndani ya pengo. Kimekaa chenyewe, katikati, na mwanga mwembamba kushoto, mwanga mwembamba kulia, sawa, hakuna aliyekisukuma, kifundo hakijatembea, anajua hakijatembea, na kule mbele shabaha imekuwa ukungu, doa tu, na kinundu ni cheusi, kikali, unaweza kuhesabu mikwaruzo yake, na kumbe ndicho alichokuwa anaambiwa miezi yote, tazama kinundu usitazame shabaha, akawa anaitikia ndiyo ndiyo huku macho yamekimbilia shabahani kutafuta alama kumi ya kwenda kutangaza... anafumba tena, hajaambiwa, anashusha mkono, anauinua, anafumbua, kimo, mwanga kushoto, mwanga kulia, Mungu wangu, mkono huu huu, mkono wa Kerrod wa kumwaga bia, ulikuwa unajua njia, ulikuwa unasubiri aache kuusaidia... kifua kinapanda, bastola inayumba kidogo na pumzi, inapanda nayo, inashuka nayo, na mwanga haupungui upande wowote, boti itabaki, hii ya bei ya kutupa haihitaji boti iuzwe, wazo linampitia, itabaki, linapita kama gari la mbali, wala hageuki kulitazama. "Kimekaa wapi?" anauliza Mama Noelene. Petrakis ameshaanza kukunja kitambaa upande mmoja. "Shemeji amefia pale?" anasema Lindsay, "mtu amguse, soseji zinapoa." Nzi yuleyule yuko puani, ni nzi wa kawaida, mdogo, na Kerrod Gillam anafungua mdomo aseme imekaa kama nini, lazima kuna kitu cha kuifananisha nacho, mfalme, nyumba ya ghorofa, anatafuta, mwanga kushoto, mwanga kulia, haoni pa kuongeza, anaufunga mdomo, na mkono bado uko juu.