Mora ya Libardo

Asubuhi ya Jumatano Herminda alikuwa nyuma ya jiko akichuma mora, matunda meusi ya mmea wa miiba, amevaa soksi kuukuu mikononi ili miiba isimchane, na kuku wakimfuata miguuni wakiokota zilizoanguka. Kuku wake walikuwa na adabu kuliko watu wengi wa El Tablón: tunda lililo tawini hawakuligusa, ila la chini lilikuwa lao na hapo hapakuwa na mjadala. Ndoo ya kwanza ilijaa kutoka mora ya mwanawe Libardo peke yake, na upande wa pili wa mmea hakuwa ameufikia bado.

"We Herminda, hizo unaziombea kwa mtakatifu gani?" aliuliza jirani yake Presenta, akiegemea seng'enge iliyogawa bustani zao. "Zangu zimekuwa kama kinyesi cha mbuzi."

"Mbolea ya kuku tu, jirani."

"Kuku hata mimi ninao, tena wanakunya vizuri sana. Sema kijana wako anashiba huko aliko. Na Nidia wangu kutwa ananinunia kwamba don Arcesio hajamchagua yeye kwenda kazini."

Huku kwetu kila mtoto ana mora yake. Kitovu kikidondoka, baba wa ubatizo hukizika bustanini na juu yake hupandwa mche, na tangu siku hiyo ukitaka habari za mtoto huna haja ya kumuuliza mwenyewe. Libardo alipopata surua, majani yalitoka madoa, yakapona siku aliyopona yeye. Alipovunjika mkono akicheza mpira, tawi lilivunjika hakuna hata upepo, na Herminda alikuwa amekwisha kulifunga kitambaa kabla mtoto hajafikishwa nyumbani akilia. Mora ya mtu ikikauka, mwenyewe amekufa. Ikistawi, ni mzima. Hata padri anajua hivyo, na pamoja na ukali wake wote hajawahi kulikemea jambo hilo.

Ya Libardo haikuwahi kustawi kama mwaka huo, tangu alipoondoka baada ya Pasaka kwenda nchi ya joto, kwenye mashamba ya michikichi. Matawi yalilaza nyaya zilizoyashikilia, matunda yalikuwa makubwa kama kidole gumba cha mwanamume. Kitu kimoja tu hakikuwa cha kawaida: kuku waliozoea kulala chini yake walikuwa wamehamia juu ya bati, wakawa wanateremka kula na kupanda tena.

Aliyemchukua ni don Arcesio, na ndiye huyo huyo aliyekizika kitovu. Alimshika Libardo siku ya ubatizo, kwa hiyo yeye na Herminda waliitana kompadre na komadre, na kompadre ni zaidi ya ndugu, maana ndugu unaweza kugombana naye. Kompadre huwezi kumwita mwongo. Humfungii mlango, na akija lazima ale. Don Arcesio alikuwa na lori la bluu na kitambi cha mtu asiyekosa mwaliko. Aliwapeleka vijana kazini, akarudi na salamu zao. Salamu za Libardo hazikubadilika: hajambo, kazi ni nyingi, anawasalimu hadi kuku.

"Mbona mwenyewe hapigi simu, kompadre?"

"Mtandao wa wapi, komadre? Kule hata nyani wamekata tamaa," alimjibu don Arcesio huku akicheka. "Kama huniamini mimi, si uende ukaangalie mora yake!"

Herminda alikuwa akienda kuiangalia, na akiiona tu moyo wake ulitulia. Ndiyo maana alikubali na binti yake achukuliwe. Jumamosi hiyo Yurani angeondoka na lori kwenda kuwapikia wafanyakazi wa huko huko, na mfuko wake ulikuwa umekwisha kufungwa.

Basi, ndoo zilipojaa, Herminda aliingia jikoni, akachemsha maziwa na kitunguu, akapasua yai la kwanza juu ya sufuria. Ndani ya yai mlikuwa na udongo. Ulikuwa mwekundu, laini, wenye unyevunyevu, umelijaza ganda lote bila kuacha nafasi ya ute wala kiini. Aliondoa sufuria jikoni, akayamwaga maziwa, akasugua, akaanza upya. Yai la pili lilikuwa hivyo hivyo. La kuku mwenye madoa pia, na la yule mweupe anayejiona. Ni yai la kuku mwekundu tu lililokuwa yai, na huyo alikuwa amefungwa kamba upande wa banda kwa sababu ya kuatamia hovyo, hakuwa amekula chochote kilichoanguka kutoka mora ya Libardo. Hilo mama na binti waligawana.

Udongo wa El Tablón ni mweusi. Mwekundu ni wa nchi ya joto, kila mtu anaujua kutoka kwenye matairi ya malori.

Yurani alichota kidogo kwa kidole, akanusa. "Unanuka mawese," alisema. Kisha akasema, "Mama, Libardo yuko chini."

"Chini wapi? Mora yake hujaiona ilivyo?"

"Nimeiona. Imenenepa. Kwani sisi mbolea tunaweka wapi, Mama? Si kwenye mizizi?"

Herminda alikaa juu ya kiti cha jikoni akiwa bado na soksi mikononi. Hakulia, kwa sababu kulia kungekuwa kukubali. Baadaye walitoka wote wawili kwenda kuiangalia mora ya Yurani, iliyokuwa karibu na banda, mmea mwembamba wenye roho mbaya ambao haukuwahi kuzaa hata tunda moja la kulambisha. Sasa ulikuwa umechanua maua meupe toka chini hadi juu.

"Jana haikuwa na kitu," alisema Yurani. Alirudi ndani akafungua mfuko, akatoa nguo zake, akazitundika tena.

Ijumaa mchana don Arcesio alifika kula, kama alivyofika siku zote kabla ya safari. Herminda alimkaangia mayai kwa nyanya na kitunguu, na hakutumia ya kuku mwekundu. Udongo uliiva kando kando, ukafanya ukoko mzuri. Alimwekea mbele pamoja na arepa, mkate wa mahindi, na kikombe cha maji moto ya sukari guru, akasimama ukutani, mikono chini ya aproni.

Don Arcesio alikula. Mchanga ulisikika ukisagika kati ya meno yake. Aliisafisha sahani kwa kipande cha arepa, akalamba kidole, akafuta sharubu, na kitambaa kikabaki na alama nyekundu.

"Mayai ya nyumbani hayana mfano wake, komadre."

Swali lilikuwa limempanda Herminda hadi kooni. Alitaka kumwambia, kompadre, mtoto wangu umeniwekea wapi, nionyeshe mahali tu, sitaki jingine. Alifungua mdomo na kilichotoka ni, "Nikuongezee?"

"Kidogo."

Alimwongezea. Kisha, akiwa amempa mgongo na kushughulika na kuni, akasema, "Yurani haendi. Tumbo linamsumbua."

Don Arcesio aliacha kutafuna. Aliitazama sahani yake, akamtazama yeye, kwa upole kabisa, kama mtu anayemngoja mwenzake amalize kutafuta chenji mfukoni. Hapo Herminda alijua kwamba kompadre anajua anachokula, na kwamba amejua kuwa amegunduliwa, na kwamba kwake haikuwa taabu yoyote.

"Pole yake," alisema. "Lakini kule wananingoja, siwezi kwenda na nafasi tupu. Naweza kumsubiri. Nikae hapa hapa kwenu mpaka apone, hata wiki nzima, mimi si mgeni." Akaendelea kutafuna. "Au niulizie mwingine. Yule binti wa Presenta, komadre, unamwonaje?"

Dirishani Nidia alionekana ng'ambo ya seng'enge akianika mashuka, akiimba vibaya kwa sauti kubwa. Herminda alimtazama. Alimjua tangu anatambaa. Nyuma ya pazia la chumbani alisikia Yurani akijizuia kupumua.

"Ni mchapakazi," alisema Herminda. "Ana adabu pia."

Yote mawili yalikuwa kweli.

Jumamosi asubuhi maua ya mora ya Yurani yalikuwa yamepukutika yote, kuku wanayadonoa. Herminda aliona raha, raha ile ya mtu aliyeopolewa mtoni, halafu akaona haya mpaka akashindwa kuwatazama kuku wenyewe. Yurani alitoka akasimama kando yake.

"Nilisikia ulivyomwambia jana," alisema. "Nenda kwa doña Presenta, Mama. Lori halijafika bado. Nenda, au nitakwenda mimi."

"Wewe utakaa ndani. Akikuona umesimama, atasema umepona."

Alikwenda mwenyewe, akiyapanga maneno njiani. Angeanza na mayai. Hapana, angeanza na udongo. Alimkuta Presenta nyuma ya nyumba, amevaa nguo ya misa, amesimama mbele ya mora ya Nidia. Mora ilikuwa imechanua kiasi kwamba majani hayakuonekana.

"Tazama!" Presenta alimvuta mkono. "Tangu jana jioni. Yenyewe imefurahi kabla ya mtoto. Na don Arcesio ameniambia kila kitu, usijifanye. Ameniambia ni wewe uliyemsemea Nidia wangu, wakati wako mwenyewe anaumwa. Nani mwingine angefanya hivyo? Nani?" Alikuwa akitokwa machozi. "Mimi nilikuwa nakuonea wivu, jirani. Nakuomba unisamehe."

Honi ya lori ililia barabarani. Herminda alikuwa na maneno yote tayari mdomoni. Alifikiria nafasi moja tupu ndani ya lori, na kompadre akirudi mezani kwake na kuvuta kiti. Aliogopa, na woga wake ulikuwa na jina la Yurani.

"Hakuna neno, jirani," alisema.

Nidia alitoka mbio, nywele bado zimelowa, akawabusu wote wawili. Mfuko ulikuwa mzito na msichana mwenyewe mdogo wa mwili, kwa hiyo Herminda alishika upande mmoja, akamsaidia kuupandisha lorini.