Usimfiche Mwenye Jiko

Kuku ndiye aliyemshtua. Mama Chiriku alikuwa anarudi kutoka kwenye tanuri la matofali, udongo umemkaukia mpaka viwikoni, hawazi lolote zaidi ya kuoga na kunyoosha mgongo. Alipoingia uani akamwona kuku wa jirani amelala ubavu karibu na jiko la nje, miguu inapigapiga hewani kama mtu anayekanyaga baiskeli. Hakuna aliyemchinja. Hakuna damu. Pembeni yake palikuwa na kidimbwi cha maji yaliyomwagwa, na maji yale yalikuwa na wekundu kwa mbali, kama yamefuliwa nguo inayochuja.

Rangi ile alikuwa anaijua.

Nawe uijue, maana ndiyo sababu ya kuandika haya. Vita vilipokwisha watu walirudi wakakuta kuta zisizo na paa, wakaishi miaka kwa chakula cha msaada. Lori likija, foleni; foleni ikiisha, kila nyumba ina mahindi yake na mafuta ya kopo. Halafu msimu ule wenye msaada wakasema dharura imekwisha, sasa ni wakati wa kujitegemea. Lori la mwisho halikuleta chakula. Lilileta majembe na mbegu. Mbegu zenyewe mahindi yale yale, ila yamepakwa dawa ya wadudu, mekundu utadhani yamechovywa kwenye wino.

Bwana shamba alipanda juu ya lori na kipaza sauti, mishipa imemtoka shingoni. "Hii ni mbegu, si chakula! Ina sumu! Usioshe ukala, usichemshe ukala, usimpe hata kuku!"

"Na ukila wewe, bwana shamba?" mtu akamchokoza.

"Nikila mimi mtaletewa bwana shamba mwingine, mwenye sura nzuri kuliko hii."

Watu wakacheka. Mama Chiriku naye alicheka, na alisikia neno kwa neno. Kosa lake halikuwa kutosikia.

Kosa lake lilitoka vitani. Siku zile mama mkwe wake alimfundisha kwamba nafaka haikai pamoja, na anayejua ilipo awe mmoja tu. Wenye bunduki wakiingia wanampiga kila mtu, lakini asiyejua hana la kusema, na chakula kinapona. "Kujua ni mzigo, mwanangu," mama mkwe alikuwa akimwambia. "Usimtwishe mwenzako." Nyumba nzima iliponea hapo. Basi Mama Chiriku alipopewa mbegu, ingawa bunduki hazijaingia mtaani kwao kwa muda mrefu, mikono ilifanya kazi yenyewe. Akazigawa, huku kidogo na kule kidogo, gunia akalichoma moto. Mume wake yuko mbali kwenye ujenzi wa daraja, hakumwambia. Mama mkwe, ambaye wanaishi naye na ambaye macho yake yameanza kuingia ukungu, hakumwambia pia. Yule mzee angepigwa wa kwanza.

Sasa alikuwa amesimama mbele ya maji mekundu. "Mama!" akaita. "Mama, uko wapi?"

Mama mkwe, Bibi yake Chiriku, alikuwa ndani ameketi kwenye kigoda, anakwangua sufuria, uso umemchangamka.

"Karibu, mwanangu. Leo umekuta nyumba ya walioshiba."

"Umepika nini?"

"Unaniuliza mimi? Jiulize wewe mwizi!" Bibi akacheka mpaka mabega yakacheza. "Nazoa majivu jikoni, mkono ukagusa kopo. Nikasema, ala! Mkwe wangu ananificha mimi, mimi niliyemfundisha kuficha! Utamfundisha mamba kuogelea?"

"Mama, yale mahindi yalikuwa mekundu!"

"Kutu ya kopo. Nimeyaosha, nikamwaga, nikaosha tena mpaka maji yakatoka meupe. Nikatwanga, nikakoroga uji mzito."

"Chiriku yuko wapi?"

"Kala. Nimemtuma na bakuli kwa fundi cherehani. Yule mtu kila siku anatutilia viraka bure, naye ana tumbo."

"Mama, ile ni mbegu!"

"Mbegu si chakula? Tangu lini? Mwaka wa njaa tulikula nini sisi?"

"Imetiwa sumu, mama!"

Kicheko kilimkauka Bibi usoni. Akaweka mwiko chini polepole. "Katia nani?"

Mama Chiriku alikuwa ameshafika njiani.

Yule mtoto hakuitwa Chiriku bure. Alikuwa akisema na watu, akikosa watu anasema na mbuzi, na mbuzi wakikimbia anajibishana na kivuli chake. Kwa kawaida ukienda kumtafuta humtafuti, unafuata sauti. Mama Chiriku alikimbia huku masikio yameelekea mbele, akaipita nyumba ya kwanza, akaipita ya pili, na kilichomjia ni mlio wa cherehani peke yake. Hajawahi kuuchukia mlio kama alivyouchukia ule.

Fundi alikuwa barazani, kichwa kimeinamia sare ya shule. Bakuli lilikuwa mezani, limefunikwa kwa kipande cha kitambaa.

"Mbona mbio, Mama Chiriku, umefumania?" akatania bila kuinua macho. "Halafu redio yako leo imeishiwa betri. Imekuja, imeweka bakuli, imekaa kimya."

"Umekula?"

"Bado, namalizia kola hii kwan..."

Mama Chiriku akalipiga bakuli kwa kiganja, likaruka, uji ukatapakaa ukutani.

"Ala! Mama, hicho ni chakula cha watu!"

"Mtoto wangu yuko wapi?"

Fundi akaonyesha chini ya meza. Chiriku alikuwa amejikunja juu ya vitambaa vilivyokatwa, mikono imekumbatia tumbo. Mate yalikuwa yanamtoka mdomoni yasikatike, machozi yanamtoka na wala halii. Mboni za macho zilikuwa zimebaki vitundu vya sindano. Alimtazama mama yake kama anayemtafuta gizani, akafungua mdomo aseme, badala ya maneno yakatoka matapishi.

Fundi hakuuliza tena. Alimbeba mtoto mgongoni, mama akamshika kutoka nyuma, wakakata mbio.

Kwanza miguu yao iliwapeleka kwenye hospitali ya mahema, kwa mazoea. Walifika wakasimama. Pale palipokuwa na mahema ya madaktari wa msaada, palibaki majani meupe yaliyokosa jua na vigingi viwili vitatu. Dharura ikiisha na mahema huondoka. Mwili wa mtoto haukupewa hiyo taarifa. Fundi akamvuta Mama Chiriku kanga. "Zahanati, mama! Zahanati!"

Zahanati ilikuwa imejengwa nusu, ukuta mmoja umepakwa rangi na mingine inasubiri. Nesi alikuwepo, mmoja, anafagia.

"Kala nini?"

"Mbegu. Mbegu za msaada."

Nesi akafumba macho kidogo, kama mtu aliyekuwa anaomba asilisikie neno hilo tena. Akatupa ufagio. "Mvue nguo zote. Muoshe, hata nywele. Kala saa ngapi? Kiasi gani?"

"Sijui."

"Sijui haijazi sindano, mama. Dawa hii nikiipunguza haifai, nikiizidisha ni balaa nyingine. Nani anajua?"

"Bibi yake."

Fundi akageuka kumfuata, lakini Bibi alikuwa ameshafika. Alikuja peke yake, fimbo mkononi, kiatu kimoja kimebaki njiani. Akasimama mlangoni akihema.

"Bibi, mtoto amekula kiasi gani?" nesi akamuuliza kwa sauti ya haraka. "Na lini?"

Bibi aliitazama sare ya nesi. Midomo ikafungwa. Mama Chiriku aliiona inavyofungwa, akaogopa kuliko alivyoogopa tangu aone kuku, maana mdomo ule aliufahamu. Mara ngapi watu waliovaa sare walisimama mbele ya mama huyu wakimuuliza kilipo chakula, kilikuwa kiasi gani, amekula nani? Mara zote alinyamaza. Walimvunja vidole viwili, akanyamaza. Kunyamaza kule ndiko kulikowaweka hai.

"Bibi, nakuuliza!"

Mtoto mezani alianza kutetemeka nyama za mapaja, zinacheza zenyewe chini ya ngozi.

Mama Chiriku akapiga magoti mbele ya mama mkwe, akashika mikono yake miwili, pamoja na vile vidole vilivyopinda. "Mama, sema. Hapa hapigwi mtu. Mimi ndiye niliyekuficha, kosa langu. Wewe sema tu."

Kidevu cha Bibi kikatikisika. "Adhuhuri," akasema. "Bakuli moja. Akaomba nyongeza, nikampa nusu." Akameza mate. "Nilifurahi, mwanangu. Mtoto anaomba nyongeza, na nyongeza ipo."

"Na wewe mwenyewe?" nesi akauliza, tayari anavuta dawa kwenye sindano.

"Nililamba mwiko. Nilikuwa namwachia yeye."

"Kaa hapo nikuone. Usiondoke."

Sindano ya kwanza ikaingia. Nesi akasubiri, akamfunua mtoto macho, akatikisa kichwa, akachoma nyingine. Fundi alisimama ameshika ndoo ya maji. Mama Chiriku alishika unyayo wa mtoto. Unyayo ukitulia anaogopa, ukirukaruka anaogopa. Ilivyokuwa toka hapo hadi kulipokucha sitasimulia, kwa sababu aliyewahi kukaa hivyo anajua, na ambaye hajakaa namwombea asijue.

Asubuhi mate yalikuwa yamekauka. Nesi alikuwa amelala ameegemea ukuta usio na rangi. Chiriku akafumbua macho, akayazungusha, akasema kwa sauti ya kukwaruza:

"Nani alimwaga bakuli la fundi?"

"Mimi," mama yake akasema.

"Fundi alikasirika?"

"Hapana."

"Ukuta wake ulichafuka?"

"Ulichafuka."

"Utaufuta?"

Mama Chiriku alilia mpaka nesi akaamka kwa hofu.

Waliporuhusiwa, mtoto hawakumwingiza ndani. Walimwacha kwa fundi, kisha Mama Chiriku akasimama katikati ya nyumba, mlango wazi na majirani wanasikia, akataja kwa sauti kila alipoficha. Kila akitaja mahali alitazama mlangoni bila kutaka. Ndani ya mto. Chini ya tofali la nyuma ya kitanda. Kwenye mtungi uliopasuka. Juu ya dari. Bibi alikuwa akifuata nyuma yake akitoa kimoja kimoja. Dari ndiyo ilikuwa ya mwisho, na kifuko cha darini kilishuka chepesi. Panya walikuwa wamekitoboa. Mbegu zilikuwa zimedondoka kupitia nyufa za mbao, punje moja moja, siku ngapi hakuna ajuaye, kwenye mkeka anapochezea mtoto.

Walifagia nyumba ile mpaka sakafu ikatoa vumbi jipya. Mkeka waliuchoma. Mbegu zilizobaki walizipanda, mikono wameifunga mifuko ya nailoni, wakanawa, wakanawa tena. Yalistawi mahindi mazuri, yasiyo na wekundu wowote, na mwaka ule hawakusubiri lori la mtu.

Wewe uliye na mtoto na mbegu ya rangi ndani: kuosha hakutoi sumu ile, wala moto hauitoi. Iache kwenye gunia lake, ifungie mbali na chakula, na usimfiche anayepika. Mwambie leo, hata kama mazoea yanakuziba mdomo.

Chiriku amekua, anasema kuliko zamani. Lakini mpaka sasa akiinama sakafuni, akaokota kitu, mkono ukaelekea mdomoni, wanawake wawili wanapiga kelele kwa pamoja, kila mmoja kutoka chumba chake, hata kama alichookota ni kifungo cha shati.