Wanaopita Nyuma ya Picha

Jumanne moja, mnamo saa nne asubuhi, Papa Muhindo alirudisha filamu ya harusi aliyoichukua Jumamosi. Alikuwa mfanyabiashara wa jumla wa maharagwe, mtu wa Butembo aliyehamia Lubumbashi na malori mawili, na kila mwisho wa wiki, akishafunga ghala lake, alipita dukani kwa Maman Mapalo kuchagua kitu cha kutazama na mkewe. Aliliweka kasha la diski mezani, akavua kofia.

“Maman Mapalo, filme iko muzuri,” alisema. “Ila mudogo yako anapita mbele ya bibi-arusi. Hatuone mukufu yake.”

“Mara ngapi?”

“Mara mbili. Ya pili anasimama.”

Mapalo alimwomba radhi, akambadilishia filamu ya polisi, naye Papa Muhindo akaenda zake.

Duka lilikuwa ukumbi mwembamba katikati ya mji, kati ya duka la dawa na studio ya picha. Juu ya mlango paliandikwa VITABU NA FILAMU KWA WENYE HAMU YA KUJUA, na ndani hapakuwa na mpangilio wowote. Vitabu vya mapishi vilibanana na sheria za madini, maisha ya watakatifu yaliegemea magonjwa ya kuku, filamu za mapigano zilichanganyika na za ndege wa nchi za barafu. Vingi vilitoka kwenye nyumba za watu waliohama, vingine kwa wanafunzi waliomaliza masomo chuo kikuu cha Kasapa wakaona ni heri kubeba godoro kuliko kamusi. Watu waliingia bila kujua wanachotafuta, wakasimama saa nzima shingo zikiwa upande wakisoma migongo ya vitabu. Mapalo hakumfukuza mtu. Palikuwa na benchi na televisheni kwa ajili ya kujaribu diski kabla ya kuichukua.

Adhuhuri umeme uliporudi, aliweka ile filamu ya harusi. Katongo alitokea dakika ya arobaini na moja, upande wa kushoto, nyuma ya wapiga ngoma. Alikuwa na gunia begani na shati la kijani alilotoka nalo nyumbani, na vumbi lilimjaa kuanzia nywele hadi viatu. Alikuwa amekonda. Alipita mbele ya bibi-arusi, akatoka nje ya picha, akarudi, akasimama, akajifuta uso kwa mkono kama mtu anayemtafuta mwenzake kwenye umati. Wageni wa harusi hawakumpisha wala hawakumsukuma.

Mapalo alirudia sehemu ile mara tatu. Kwanza alikasirika kuhusu shati. Alikuwa amemwambia avae sweta, kule mlimani asubuhi kuna baridi. Kisha akafunga mlango, akaenda nyuma, penye vitabu vya sheria, akalia. Baada ya nusu saa akafungua, kwa kuwa wateja wawili walikuwa wakingoja nje.

Katongo alikuwa mdogo wake wa mwisho, kijana wa miaka ishirini na mitatu, mwanafunzi wa jiolojia. Likizo ya Pasaka aliwafuata wenzake kwenye kilima kimoja nje ya mji, mahali ambapo kampuni ilikuwa na kibali na wachimbaji wa mikono walikuwa na matundu ya kupenyea kwenye ua wake. Alhamisi moja, baada ya siku tatu za mvua, ubavu wa kilima uliporomoka. Maiti nne zilibingirika hadi barabarani, na hizo nne zikaandikwa. Jumamosi matingatinga ya kampuni yalisawazisha pale mahali, na redio ikasoma tangazo lake: kwa kuwa kuingia kilimani kulikatazwa, hakukuwa na mtu mwingine ndani. Mapalo alikwenda langoni mara sita. Mlinzi alimjibu kwa adabu, kila mara, kwamba mtu ambaye hakuingia hawezi kutolewa.

Wiki ile alizipitia filamu zote. Katongo alikuwamo. Kwenye ya ndege wa barafu alipita kwa mbali, mdogo kama kiberiti. Kwenye katuni alikuwa amechorwa kama wengine, vumbi lake likiwa nukta nukta. Wala hakuwa peke yake. Mapalo aliwahesabu, akaondoa waliojirudia, akapata ishirini na tisa.

Kwenye filamu hawakuwa na sauti. Sauti zao zilikuwa vitabuni. Hilo aligundua alipofungua kitabu cha mapishi kumtafutia mteja namna ya kupika sungura. Kati ya kitunguu na majani ya kunukia paliandikwa, kwa herufi zilezile: *Katongo anaomba maji. Leo ni siku ya pili. Tunagonga kwa sururu, wa juu wanyamaze watusikie.* Ukurasa uliofuata: *Mashine zimekuja. Udongo unashuka.* Kisha sungura aliendelea, kwa moto mdogo, dakika tisini.

Mapalo alikaa chini. Tangu Pasaka alikuwa akijiambia kwamba Katongo alikufa Alhamisi, mara moja, kama taa inavyozimwa. Alikuwa akilala kwa msaada wa wazo hilo.

Habari zilienea, na familia zikaanza kuja. Walisimama kwenye rafu pamoja na wasomaji wengine, nao wasomaji wakasogea. Maman Julienne, aliyeleta samaki wakavu kutoka Pweto kila baada ya wiki mbili, alimkuta mwanawe Nono kwenye filamu ya mapenzi, ameketi peke yake kwenye meza ya hoteli nyuma ya wapenzi wawili, akiipa kamera mgongo.

“Geuka, papa,” Maman Julienne aliiambia televisheni. “Geuka kidogo tu, mama akuone.”

Nono hakugeuka. Mama yake aliitazama filamu hadi mwisho, akasema wale wapenzi ni wapumbavu, akarudi sokoni akiacha samaki wawili mezani.

“Mi sitake prière na maombi, sitake pole,” alimwambia Mapalo alipokuja tena. “Nataka bafungue kilima. Nimuzike mutoto yangu.”

Ndipo Mapalo akaandika orodha safi, ishirini na tisa, kila jina na filamu yake na dakika yake, na kwa wale waliosikika vitabuni, kitabu na ukurasa. Familia zote zilitia sahihi. Orodha ilipelekwa kwenye ofisi inayohusika, na ofisi ikamtuma Papa Onésime, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, pamoja na mwanasheria wa kampuni aliyevaa suti ya bluu.

Walikaa kwenye benchi kwa saa tatu. Papa Onésime alikuwa makini. Aliomba warudishe nyuma pale alipopitwa, na alihakikisha kila sura kwa picha za kadi ya mpiga kura. Mwishoni alivua miwani.

“Njo bao, ndio wao,” alisema. “Ni bao kabisa. Sasa, Maman, banatembea?”

“Banatembea.”

“Muntu mwenye kutembea, ntamuandika aje mu ba décès, mu bale balikufa?”

Mapalo alimfungulia kitabu cha mapishi. Papa Onésime aliusoma ukurasa mara mbili, midomo ikicheza, akampa mwanasheria. Mwanasheria naye alisoma, akakitia kitabu kwenye mkoba wake kwa uchunguzi zaidi, na hakukirudisha. Maneno yale yakahamia kwenye kitabu cha magonjwa ya kuku kilichokuwa jirani yake rafuni.

Uamuzi ulitoka tarehe kumi na mbili Juni, na mihuri miwili. Ulisema watu ishirini na tisa wametambuliwa bila shaka yoyote, wakiwa wima, katika nchi mbalimbali. Kwa hiyo waandikwe katika daftari la waliohama. Ulisema pia kwamba kitabu, kwa kuwa huandikwa na mtu ambaye hakuwepo, si ushahidi. Kampuni iliwatakia wahusika maisha mema huko waliko.

Duka liliendelea. Wateja walizoea. Wengine waliomba filamu ambazo wachimbaji walipita pembeni tu, na Mapalo akawatengea rafu. Kiangazi kiliisha, mvua zikaanza tena, na kwenye ua wa kampuni yakatobolewa matundu mapya.

Jumatano ya mwisho ya Oktoba aliingia Graciella, msichana wa mwaka wa pili wa sheria. Huyu alikuwa msomaji wa kusimama. Alikuja mara mbili kwa wiki, akasoma chochote kilichokuwa mbele yake kwa muda wa saa moja, akasema merci, akaondoka. Siku hiyo mkono wake uliangukia sarufi ya Kifaransa. Alisoma kwa muda, kisha akakileta kitabu mezani kidole kikiwa katikati.

“Maman, soma apa.”

Palikuwa katika zoezi la vitenzi. *Tuko wanane. Musonda amevunjika mguu. Hewa inapita kwenye bomba la zamani. Tunagonga.*

“Musonda njo papa yangu,” Graciella alisema. “Alienda kuchimba Lundi, Jumatatu. Jana kilima ilianguka tena, redio ikasema hakuna muntu mule.”

Mapalo alikwenda kwenye televisheni, akaweka filamu ya harusi, akaisogeza mbele hadi mwisho. Akaweka ya polisi, akaweka ya ndege wa barafu. Wale ishirini na tisa walipita kama kawaida. Mwenye mguu uliovunjika hakuwemo, wala sura yoyote mpya.

“Papa yako hayuko umu,” alisema. “Unasikia? Hayuko. Beko bazima. Vaa viatu muzuri, tukimbie.”

Mlango waliuacha wazi na wateja ndani. Walikimbia barabara nne hadi ofisini, Graciella mbele, kitabu kifuani. Papa Onésime aliwapa viti, akavaa miwani, akasoma. Wakati anasoma mstari mwingine ulijiandika chini ya vidole vyake: *Maji yamefika magotini.* Aliinua kidole ili asiufunike.

“Grammaire,” alisema hatimaye, akisoma jalada kwa huzuni. Alivuta faili kutoka droo. “Mwezi wa sita tuliandika kama kitabu si preuve. Mihuri mbili. Leo niandike ingine?”

“Papa Onésime,” Mapalo alisema, “usiandike kintu. Piga tu telefone. Basimamishe mashine.”

Hakuwa mtu mbaya. Alipiga simu. Alisikiliza muda mrefu, akisema oui, akisema naelewa, kisha akaiweka simu chini kwa mikono miwili.

“Banasema mashine iko nasawazisha kwa usalama. Kusudi muntu asiumie.”

“Na langoni tukienda?” Graciella aliuliza.

“Banasema lango imefungwa. Kwa usalama.”

Walikwenda hata hivyo. Teksi iliwashusha mbali, walinzi walikuwa wamefunga barabara, na kutoka pale waliposimama walisikia injini nyuma ya miti zikipanda na kushuka. Mapalo alipiga kelele hadi sauti ikakauka. Graciella alimsomea mlinzi kitabu, mstari baada ya mstari, kwa sauti ya kusomea mahakamani. Mlinzi alisikiliza hadi mwisho. Alisema inasikitisha sana, naye ana shemeji upande ule, lakini yeye ni wa barabara tu, si wa kilima.

Mstari wa mwisho ulikuja kama saa tisa. *Tunasikia mashine. Ziko karibu sana. Musonda anasema tunyamaze, wametupata.*

Graciella alingoja, kisha akafunua ukurasa uliofuata. Palikuwa na vitenzi. Alifunua mwingine, na mwingine, hadi kwenye faharasa, hadi kwenye jina la mchapishaji, hadi kwenye karatasi tupu ya mwisho.

Ijumaa ofisi iliongeza wanane kwenye daftari la waliohama, wakawa thelathini na saba. Papa Onésime aliandika kwa mwandiko wake mzuri, na kwenye jina la Musonda akaongeza kwamba mguu unahitaji matibabu huko aliko.

Jumamosi Graciella alikuja dukani na kanga nyeusi kichwani. Watu wanne walikuwa wakisoma kwenye rafu. Mmoja akampisha nafasi bila kuambiwa. Mapalo aliweka filamu ya kwanza iliyomjia mkononi, ya mwimbaji anayetafuta umaarufu katika mji wa bahari. Baada ya robo saa, mwimbaji akiwa jukwaani, wanane waliingia kutoka kulia, wamelowa hadi kiunoni. Musonda alikuwa wa mwisho, wawili wamemshika makwapani. Mguu wake uliburuta. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyeitwa jina lake na sasa anaangalia ni nani aliyemwita.

“Naweza kuisimamisha pale,” Mapalo alisema. “Umuone vizuri. Lakini tukisimamisha, ye anabaki amesimama na ule mguu.”

Graciella alifikiri. Kwenye picha, baba yake alikuwa nusu ya njia kuelekea upande wa pili.

“Hapana,” alisema. “Wacha apite.”