Neno la Mdakaji

Wanaosimulia habari za uwanja wetu wa kwanza wa besiboli hapa Toronto, ule wa kando ya Mto Don, hutaja bendera na tarumbeta. Upuuzi mtupu. Mimi Lachlan Purvis nilikuwa mdakaji pale, yule anayedaka mipira na kulinda kibao cha mwisho, na ninachokumbuka ni damu.

Enzi hizo mwamuzi alikuwa mmoja tu. Vumbi likimziba macho, aliruhusiwa kumuuliza mchezaji, na neno la mchezaji lilimaliza ubishi. Siku tuliyocheza na Buffalo, timu ya Wamarekani, mwamuzi alikuwa Ezra Whitcombe, mshona matandiko ya farasi, mume wa dada yangu Dorcas.

Tulikuwa sare, mchezo unaelekea kwisha. Mtu wao akaja mbio kwenye kibao cha mwisho. Akikikanyaga kabla sijamgusa na mpira, tumekwisha. Tukagongana, goti lake likanivunja jino, vumbi likatimka. Sikumgusa. Mpira ulipita shubiri nzima nyuma ya mgongo wake.

"Purvis, umemgusa?" Ezra akauliza.

Watu elfu tatu wakajisogeza kwenye ua wa mbao.

"Nimemgusa."

"Hebu niangalie, shemeji."

Nikatazama viatu vyake.

"Amefika salama!" akapaza sauti. "Buffalo wameshinda!"

"Mwizi huyo! Kahongwa na Wamarekani!" umati ukafoka.

Ua ukaanguka kwa kishindo, wakamiminika uwanjani. Chupa ya kwanza ilimpata Ezra sikioni, ya pili ikampasua paji la uso. Mchinja nguruwe mmoja ninayemfahamu aling'oa ubao wa benchi, akamtandika nao magotini. Alipoanguka wakamvamia kwa mabuti.

"Kama huoni, macho ya nini?" wakamcheka. "Tukupunguzie mzigo?"

Nilitakiwa kusema neno moja tu, kwamba nimedanganya. Nilifungua mdomo, na hapohapo mikono ikaninyanyua, wakaniweka mabegani.

"Purvis! Umedhulumiwa, ndugu yetu!"

Kutoka kule juu niliona yote. Buti lilipanda likiwa jekundu, likashuka tena usoni mwake. Ezra alinikodolea macho mpaka la kushoto likapasuka. Nami, Mungu anisamehe, nilikuwa naona raha kubebwa.

Hakufa. Daktari alilitoa lile jicho, na la pili likafifia mpaka akawa haoni hata tundu la sindano. Kazi ikaishia hapo.

Nilipokwenda kumjulia hali alikuwa kitandani, amefungwa bandeji uso mzima, sikio lake zima ameligeuzia kwangu. Dorcas alikuwa akimfulia mashati yaliyoganda damu. Akaacha kufua.

"Kaka, niambie kweli. Ulimgusa yule mtu?"

Ezra alizuia pumzi, nilimsikia.

"Nilimgusa," nikasema.

Dorcas akamgeukia mumewe, mikono inachuruzika maji mekundu.

"Kwa hiyo umetutia njaa bure," akamwambia.

Ezra akageuza uso ukutani.